Jenereta ya akiba huharibika ikiwa imelala

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi una jenereta kwa ajili ya usiku wa namna hiyo, lakini abiria walijikuta gizani. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani na kueleza kuwa jenereta inayohudumia majengo ya abiria 1B na 1C ilishindwa kuwaka. Siku iliyofuata mkurugenzi wa mamlaka ya viwanja vya ndege aliondolewa kwenye nafasi yake. Mashine ilikuwepo, ila ilipoitwa haikuitika.

Majumbani kwetu Tanzania jambo hilo limekuwa la kawaida, na sababu yake ni habari njema. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, watu wengi walijinyima wakanunua jenereta. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha, mmoja kati ya mitambo tisa ya megawati 235, na mgao ukapungua. Jenereta zikafunikwa turubai uani. Sasa siku nguzo ikianguka kwa mvua, au gridi yenyewe ikipata hitilafu kama ilivyotokea 1 Aprili 2024, mwenye nyumba anafunua turubai, anazungusha ufunguo, na kinachosikika ni "tik" moja tu. Swali linalofuata nimelisikia kwa watu wengi mno: "Hii jenereta ni mpya, haijafanya kazi hata saa hamsini. Imeharibikaje?"

Imeharibika kwa sababu haikufanya kazi. Jambo hilo ndilo linalowachanganya wengi, na ukilielewa, mengine yote ya matunzo yanajipanga yenyewe.

Tunazungumzia mashine gani

Jenereta ya akiba ni ile inayokaa ikisubiri umeme wa TANESCO ukatike, tofauti na ya mtu wa porini au machimboni ambaye jenereta ndiyo umeme wake wa kila siku. Majumbani ziko za aina mbili. Kuna ndogo za petroli, zinazopozwa kwa hewa, nyingi za kuvuta kamba au zenye stata ndogo, yaani mota ya kuzungusha injini iwake. Na kuna za dizeli, zenye betri kubwa na nyingi zenye radieta, ambazo mara nyingi hukaa ndani ya boksi la chuma la kupunguza kelele.

Zote zina pande mbili. Upande mmoja ni injini, ambayo kazi yake ni kuzunguka. Upande wa pili ni altaneta, inayogeuza mzunguko huo kuwa umeme. Kati yao kuna kifaa kidogo kinachoitwa AVR, chenye kazi ya kuhakikisha volti haipandi wala haishuki ovyo. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na hezi hizo hutokana na kasi ya injini: jenereta nyingi ndogo za petroli huzunguka mara 3,000 kwa dakika, nyingi za dizeli mara 1,500. Kwa hiyo fundi anayekaza skrubu ya moto ili "umeme uongezeke" anabadilisha kasi, na kasi ikipotoka, friji na pampu yako ndizo zinazoumia.

Kuhusu kVA, kipimo cha ukubwa wa jenereta kilichoandikwa ubavuni: kwa jenereta nyingi za dizeli zidisha kwa 0.8 upate kilowati unazoweza kutumia kweli. Ya kVA 10 ni kilowati 8. Namba hiyo tutaihitaji mbele.

Sevisi ni neno ambalo kila mtu hulielewa kivyake. Wengi wakisema wamefanya sevisi wanamaanisha wamebadilisha oili. Kwa jenereta ya akiba, oili ni sehemu tu, na wala si sehemu inayoigomesha mara nyingi.

Kalenda mbili

Mashine hii huhesabiwa kwa saa za kazi na pia kwa miezi ya kalenda, na kinachotangulia kufika ndicho kinachofuatwa. Kitabu cha jenereta yako ndicho mwamuzi, lakini utaratibu wa kawaida uko hivi: kwa ndogo za petroli, oili ya kwanza hubadilishwa baada ya kama saa 20, kisha kila saa 100 au miezi sita. Kwa za dizeli, ya kwanza ni kama saa 50, kisha kila saa 250 au mwaka mmoja.

Saa 250 zinasikika nyingi mpaka uzigeuze kuwa kilomita. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kwa saa 250 litakuwa limekwenda kilomita 12,500, ambazo ni zaidi ya safari tano za Dar es Salaam kwenda Mwanza na kurudi. Hakuna mwenye gari atakayekwenda umbali huo bila kumwaga oili. Lakini wakati wa mgao wa saa nane kwa siku, jenereta inamaliza saa 240 ndani ya mwezi mmoja, na wengi walipitisha miezi mitatu.

Upande wa miezi ndio unaopuuzwa zaidi. Mtu anatazama mita ya saa, anaona imesoma 31 tangu mwaka jana, anaridhika. Oili ile ile imekaa humo mwaka mzima ikiwa na masizi, unyevu na tindikali zilizobaki tangu injini ilipofanya kazi mara ya mwisho, na tindikali hizo zinakula beringi kimyakimya. Ibadilishe hata kama saa hazijafika.

Betri, mgomaji mkuu

Jenereta yenye stata ikigoma kuwaka, anza na betri kabla hujamshuku mtu yeyote au kitu kingine chochote. Betri ya risasi na asidi hujipunguza chaji hata ikiwa haijaguswa, na joto la pwani huharakisha. Ikikaa muda mrefu bila kujaa, sahani zake za risasi hujenga chembe ngumu ambazo chaja haiwezi tena kuziondoa. Betri ya namna hiyo inaweza kuwasha taa ya ubao wa jenereta vizuri kabisa na bado ishindwe kuzungusha injini, kwa sababu taa inahitaji umeme kidogo sana na stata inahitaji mkubwa sana. Ndiyo maana mtu husema "betri ni nzima, mbona taa inawaka?" Taa haithibitishi kitu.

Kipimo ni rahisi. Nunua kile kipima volti kidogo ambacho mafundi huita tesa. Kinauzwa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme. Betri iliyopumzika masaa kadhaa na iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4 inahitaji chaji. Ikisoma 12.2 iko nusu. Kisha mtu azungushe ufunguo huku wewe ukitazama namba: ikiporomoka chini ya 10 wakati stata inahangaika, betri imechoka hata kama ilianza na 12.6. Injini ikishawaka, isome kati ya 13.8 na 14.4, ikibaki 12 na kitu, basi jenereta haiichaji betri yake yenyewe, na utagundua hilo siku mbaya.

Tiba ya kudumu ni chaja ndogo inayochomekwa kwenye umeme wa TANESCO muda wote umeme unapokuwepo, iwe ya aina inayojizima au kujipunguza betri ikijaa. Jenereta nyingi zenye boksi huja nayo tayari, lakini wapo mafundi waliozifunga bila kuiunganisha. Uliza yako iko wapi, na uione kwa macho.

Kama betri ni ya kuongezwa maji, hapa kuna kosa ambalo linauza betri nyingi mpya. Kinachopungua ndani ni maji, asidi inabaki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyosafishwa, hadi sahani zifunikwe, na si asidi. Madukani vyote viwili huuzwa kwenye chupa zinazofanana na vyote watu huviita "maji ya betri". Soma chupa. Maji ya bomba nayo hapana, yana chumvi. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, sugua kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, kausha, kaza vizuri, paka grisi kidogo. Vaa miwani na glovu. Asidi hiyo haina huruma na jicho.

Mafuta nayo huzeeka

Petroli iliyokaa miezi kadhaa si ile uliyonunua. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto haraka, zimeruka. Zilizobaki zinageuka kitu cha kunata kinachoziba vitundu vya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na vitundu hivyo ni vyembamba kiasi kwamba uchafu usioonekana kwa macho unatosha. Hii ndiyo sababu kubwa ya kijenereta cha petroli kuvutwa kamba mpaka mkono unakufa ganzi na kisiwake, au kuwaka na kuzimika ukikipa mzigo.

Kinga yake inachukua dakika chache. Ukiwa umemaliza kuitumia na hutarajii kuigusa kwa mwezi au zaidi, ondoa mzigo, funga bomba la mafuta lililo chini ya tenki, kisha iache injini iendelee kuunguruma. Itaenda dakika moja au mbili, itaanza kukohoa, itazimika yenyewe. Hapo kabureta imebaki tupu. Petroli iliyobaki kwenye tenki itoe, iweke kwenye gari au pikipiki. Kwa wenye vile vijenereta vidogo vya kuchanganya petroli na oili, usitunze mchanganyiko. Changanya wa siku hiyo.

Dizeli hudumu zaidi, lakini adui yake ni maji. Tenki likiwa nusu, nafasi iliyobaki ni hewa, na hewa ya Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja imejaa unyevu. Usiku chuma cha tenki kikipoa, unyevu hugeuka matone, matone hushuka chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Pale maji na dizeli vinapokutana huota bakteria na kuvu, na baada ya miezi filta inajaa utelezi mweusi. Fundi akifungua filta ukaona ute wa namna hiyo, kubadilisha filta peke yake hakutoshi. Tenki lisafishwe.

Kwa hiyo ushauri wa petroli na wa dizeli ni kinyume, na hapa ndipo majirani wawili hubishana kila mmoja akiwa sahihi kwa mashine yake. Ya petroli ilale ikiwa tupu. Ya dizeli ilale ikiwa imejaa, na kila mwezi ufungue kile kiskrubu cha chini ya kitenganisha maji, kikombe kilicho kwenye njia ya mafuta kinachokamata maji, umwage kidogo kwenye glasi safi. Iache itulie. Kama kuna maji utayaona yamejitenga chini. Endelea kumwaga hadi itoke dizeli tupu, kisha kaza.

Na mafuta yenyewe yanunuliwe kituoni. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji wa kuchanganya mafuta ya taa na dizeli ulikuwa umekithiri. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli, na pampu na nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya injini hutegemea dizeli hiyo hiyo kujilainisha. Dumu la kununua njiani kwa bei nafuu linaweza kukugharimu pampu nzima.

Inaunguruma lakini haitoi umeme

Kuna hitilafu moja ya kulala ambayo watu wengi hawajawahi kuelezwa. Altaneta za kawaida huanza kuzalisha kwa kutegemea sumaku ndogo iliyobaki ndani ya chuma chake tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi. Jenereta ikikaa muda mrefu, sumaku hiyo inaweza kufifia. Injini itawaka vizuri, sauti ni ya kawaida, lakini soketi hazina kitu.

Mafundi wengi hukimbilia kusema AVR imekufa, na mteja hununua mpya. Wakati mwingine kweli imekufa. Lakini mara nyingi altaneta inahitaji kuamshwa tu, kwa kupewa umeme wa betri ya volti 12 kwa muda mfupi sana kwenye nyaya zake za sumaku. Ni kazi ya fundi anayejua waya upi ni chanya na upi hasi, usijaribu mwenyewe kwa kubahatisha. Unachoweza kufanya ni kumuuliza kabla hujatoa pesa: "Umejaribu kuirudishia sumaku?" Fundi mzuri atakuambia amefanya nini.

Ukiwa hapo hapo, fungua boksi utazame panya. Boksi la jenereta ni la joto, la giza na lina sponji ya kuzuia sauti inayotengeneza kiota kizuri. Panya hula nyaya, na nyigu hujenga matope kwenye ncha ya ekzosi.

Kuiamsha, na kuiamsha vizuri

Dawa ya haya yote ni kuiwasha kwa ratiba, kila wiki mbili au angalau mara moja kwa mwezi, kwa dakika kama 30. Wengi wanaofanya hivyo huiwasha dakika tano bila mzigo, wakasikia inaunguruma, wakaizima. Kwa dizeli hiyo ni mbaya kuliko wanavyodhani.

Injini ya dizeli isiyo na mzigo haipati joto la kutosha. Ikiwa ya baridi, mafuta hayaungui yote. Yanayobaki yanachanganyika na masizi na kujipaka kwenye nozeli, vali na bomba la ekzosi. Baadaye utaona matone meusi yenye mafuta yakitona kwenye maungio ya ekzosi, na watu hudhani ni oili inavuja. Kwa hiyo ile imani kwamba jenereta isiyo na mzigo "inapumzika" ni potofu. Inajichafua. Kanuni ya kufuata ni kuipa angalau theluthi moja ya uwezo wake. Kwa ile ya kVA 10, yaani kilowati 8, theluthi ni kama kilowati 2.7: pasi moja ya wati 1,000, jiko la umeme la sahani moja la wati 1,500 na friji, umefika. Piga pasi nguo za wiki siku hiyo. Hapa pia ndipo ninapotofautiana na wauzaji wanaomshawishi mtu wa nyumba ya vyumba vitatu achukue kVA 20 "ili asijute". Atakuwa na mashine ambayo haitapata mzigo wake maisha yake yote.

Utaratibu wenyewe: iwashe, iache dakika tatu bila mzigo oili isambae, kisha geuza swichi ya kuhamishia mzigo kwenye jenereta. Ukimaliza, ondoa mzigo kwanza, iache dakika tano ipoe, ndipo uizime. Kama una ile swichi inayojigeuza yenyewe umeme ukikatika, usiishie kubonyeza kitufe cha jenereta. Zima swichi kuu ya upande wa TANESCO uone kama mfumo mzima unaitika, kwa sababu jenereta nzima isiyopokewa na swichi bovu bado ni giza.

Oili, maji na vumbi

Pima oili mashine ikiwa imezimwa, iko kwenye sakafu iliyo sawa, baada ya dakika kadhaa oili ishuke. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe, kichomoe tena usome. Iwe kati ya alama mbili. Kuzidisha si ukarimu. Oili ikizidi hupigwa na krenki ikatoa povu, na povu halilainishi. Kwenye dizeli oili huwa nyeusi ndani ya saa chache tangu ibadilishwe, na huo ni utendaji wa kawaida, inabeba masizi. Rangi ya kuogopa ni ya maziwa. Hiyo ina maana maji yameingia kwenye oili, usiiwashe tena hadi fundi aione. Injini nyingi za dizeli hutumia 15W-40, nyingi ndogo za petroli 10W-30 au SAE 30. Kitabu kikisema vingine, kifuate.

Jenereta nyingi ndogo zina swichi inayoizima injini oili ikipungua. Nimeona zaidi ya mara moja waya wa swichi hiyo umechomolewa na kufungwa utepe mweusi, kwa sababu "ilikuwa inazimikazimika". Ilikuwa inazimika kwa kuwa oili imepungua. Ukikuta waya huo umechomolewa kwenye yako, urudishwe leo.

Radieta isijazwe maji ya kisima, hasa ya pwani yenye chumvi. Watu hudhani kulanti, kimiminika maalumu cha radieta, ni ya nchi za baridi, ya kuzuia maji yasigande. Kazi yake kwetu ni kuzuia kutu na kuchelewesha maji kuchemka. Nunua iliyochanganywa tayari, au changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, na usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto.

Filta ya hewa ya karatasi gonga taratibu, na ikishakuwa nyeusi badilisha. Kuipuliza kwa upepo mkali wa kompresa hutoboa karatasi usione. Ya sponji osha kwa sabuni, kausha, idondoshee oili kidogo, kamua. Kwa wa Dodoma au Shinyanga wakati wa kiangazi, itazame mara mbili ya kitabu kinavyosema. Filta za dizeli na oili zibadilishwe pamoja na oili.

Moshi na nyaya

Mambo mawili hapa yanaua, na yote huingia katika ukaguzi wa kawaida.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huna namna ya kuinusa; unasikia kichwa kinauma, usingizi unakuja, huamki. Kufungua dirisha hakutoshi. Mashine ikae nje kabisa, kama mita 6 kutoka milango na madirisha, ekzosi ikielekea mbali na nyumba, yako na ya jirani. Najua kwa nini watu huiingiza korido au barazani usiku: wizi. Jibu la wizi ni kizimba cha nondo kilichofungwa kwenye zege, nje. Na kila sevisi maungio ya ekzosi yatazamwe, maana gasketi iliyoungua hutoa moshi karibu kuliko ulivyopanga.

La pili ni ile kamba yenye plagi za dume pande zote mbili, inayochomekwa kwenye jenereta upande mmoja na kwenye soketi ya ukutani upande mwingine. Wanaoitumia husema huzima swichi kuu kwanza. Siku moja mtoto au mgeni ataiwasha. Umeme wako wa volti 230 utatoka nje hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma hufanya kazi pande zote mbili: ile inayoshusha volti 11,000 kuja kwako itapandisha zako kurudi kwenye laini. Juu ya nguzo yupo fundi wa TANESCO anayejua kwamba laini imezimwa. Kinachotakiwa ni chenjiova, swichi ambayo kimaumbile haiwezi kuunganisha TANESCO na jenereta kwa wakati mmoja, ifungwe na fundi umeme mwenye leseni, na mashine iwe na ethi yake ardhini. Kila mwaka nati za chenjiova na za ethi zikazwe, kwa kuwa mtetemo na joto huzilegeza, na nati iliyolegea huungua.

Ya kwako na ya fundi

Ya mwenye nyumba ni kutazama: oili, maji, betri, kitenganisha maji, panya, uvujaji, na kuiwasha kwa mzigo. Ya fundi ni kupima nafasi za vali, nozeli, mkanda wa feni, AVR na kila kilicho ndani ya boksi la umeme. Plagi ya cheche ya injini ya petroli unaweza kuifungua mwenyewe. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyopauka injini iko sawa, ikiwa na masizi makavu inakula petroli kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu ya filta ya hewa iliyoziba. Kabla hujagusa chochote ndani, fungua waya wa hasi wa betri, au kwa ya kamba, chomoa kofia ya plagi. Swichi inayojigeuza inaweza kuiwasha jenereta mkono wako ukiwa kwenye feni.

Nunua daftari la kurasa 48 ulifunge kwa waya ndani ya mlango wa boksi pamoja na kalamu. Andika tarehe, saa zilizosomwa kwenye mita, volti za betri kabla ya kuwasha, na kilichobadilishwa. Fundi akija, mpe daftari kabla hajafungua spana, na akimaliza akukabidhi filta za zamani mkononi, ili ujue zimebadilishwa kweli. Oili chafu iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko na ipelekwe gereji inayokusanya oili chafu, isimwagwe mtaroni, kwa sababu mitaro yetu inaishia mtoni na baharini.

Kwa mwenye jenereta iliyolala tangu 2024, usianze na kuzungusha ufunguo. Anza na tesa kwenye betri, kijiti cha oili na glasi ya dizeli kutoka kwenye kitenganisha maji. Kama ni ya petroli, mwaga yote iliyomo kwanza.